Meko ya uani Mombasa: moto mdogo, kikao upande wa upepo

Swali la msomaji: Assalaam aleikum. Tunaishi Bamburi, katika nyumba yenye ua wa mita 16 kwa 11. Nyumba iko upande wa kaskazini, barabara ya mtaa iko upande wa kusini, na pembe ya kusini-magharibi ina banda la makuti. Mwezi wa Desemba tutatembelewa na shemeji zangu wanaoishi Minnesota, Marekani. Kila majira ya joto wao hukaa jioni na watoto wao kuzunguka shimo la moto nyuma ya nyumba. Watoto wangu wameziona picha hizo na sasa wananisumbua kila siku nao wajengewe. Nina mawe ya matumbawe yaliyobaki tulipojenga ukuta. Je, kuna maana yoyote ya kuwasha moto Mombasa katika joto la Desemba? Na nikiamua kujenga, nijenge wapi na vipi, nichome kuni gani, na mama mkwe wangu mwenye pumu akae wapi?

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua ukubwa wa meko, mahali yatakapokaa na hata namna mtakavyoketi. Maana ipo, na ni kubwa, ila si maana ile ile waliyonayo shemeji zako huko kwao. Minnesota mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na likishazama joto la mchana huondoka nalo, hivyo watu huwasha moto ili waendelee kukaa nje bila kujitanda mablanketi. Mombasa mwezi wa Desemba mchana hufika nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na saa mbili za usiku hewa bado ina joto na unyevu wa kumtoa mtu jasho akiwa ameketi tu. Hapa hakuna anayeuhitaji moto kwa ajili ya kuota. Tunachokitaka ni mwanga wake, makaa yake ya kuchomea chakula, na ile nguvu yake ya kuwatoa watu ndani na kuwakalisha pamoja. Kwa sababu hiyo ninakushauri tangu mwanzo usijenge shimo kama la kwenye picha. Jenga meko madogo, moto wake uwe mdogo, na kikao chenu kiwe nusu duara upande unaotoka upepo, si duara kamili.

Udogo wa moto si suala la kubana matumizi. Kilo moja ya kuni kavu ikiungua hutoa nishati ya takriban kilowati-saa 4. Ukichoma kilo tatu kwa saa, kiasi ambacho kwa macho huonekana kuwa moto wa kawaida tu, umeweka mbele ya wageni wako joto la birika sita za umeme zinazochemka bila kupumzika. Habari njema ni kwamba joto hili linalorushwa na moto hupungua haraka kadiri mtu anavyosogea nyuma: ukiongeza umbali mara mbili, kinachokufikia hubaki karibu robo. Mwanga nao hupungua vivyo hivyo, lakini jicho la mtu gizani hutosheka na mwanga kidogo sana, ilhali ngozi yake haisahau joto. Moto wa vipande vitatu au vinne vya kuni, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 30 na unene wa kifundo cha mkono, watu wakiwa wamekaa mita mbili kutoka ukingoni, utaangaza nyuso zote bila kumchosha yeyote. Zimeni taa za stima za uani, hata ile ya ulinzi ikiwezekana, kwa sababu moto mdogo ulio chini ya taa kali hauonekani kuwa na uzuri wowote, na hapo ndipo watu huanza kuongeza kuni.

Sasa suala la upepo, ambalo kwa mtu wa Pwani ni kubwa kuliko mengine yote. Desemba kaskazi imekwisha kuingia, na upepo hutoka kaskazini-mashariki ukielekea kusini-magharibi. Mkiketi upande wa kaskazini-mashariki wa meko, upepo utawapiga migongoni, utawapoza, na utachukua moshi na sehemu kubwa ya joto kuupeleka mbali nanyi. Mkikaa duara kamili, nusu ya familia itakula moshi jioni nzima na kuhamahama na viti. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo huwashangaza wengi: mtu aliyekaa upande wa upepo lakini karibu mno na moto huweza bado kufuatwa na moshi. Sababu ni kwamba mwili wake huzuia upepo, na mbele yake panabaki nafasi yenye hewa isiyotembea ambayo huuvuta moshi kurudi kwake. Mita mbili za umbali, pamoja na vikao vya chini, huondoa kero hiyo kwa kiasi kikubwa. Kabla ya kujenga, funga kipande cha kitambaa chepesi kwenye mti mahali unapopakusudia, ukiangalie jioni kadhaa kati ya saa moja na saa nne, kwa maana kuta na nyumba za jirani huupinda upepo, na ua wako unaweza kuwa na tabia yake usiyoitarajia.

Kwa maelezo uliyonipa, banda la makuti ndilo linaloamua mahali. Makuti makavu hushika moto kwa cheche moja tu, na yakishashika hayazimiki kwa ndoo za maji. Hoteli na nyumba za Pwani zimeungua mara nyingi kwa njia hiyo. Banda lako liko kusini-magharibi, yaani pale pale ambapo kaskazi itazipeleka cheche kama meko yatakuwa katikati ya ua, mahali ambapo karibu kila mtu angechagua. Yasogeze upande wa kusini-mashariki: kitovu chake kiwe mita nne kutoka ukuta wa mashariki na mita nne kutoka ukuta wa kusini. Ikiwa banda lina upana wa mita tatu, utabakiwa na mita tisa hivi kati yake na meko, na mita saba hadi nyumbani, na moshi wa Desemba utapita juu ya ukuta wa kusini kuelekea barabarani badala ya kuingia kwa jirani au bandani. Nisingekubali chini ya mita nane kutoka kwenye makuti yoyote, na usiku upepo unapovuma kwa nguvu nisingewasha kabisa, hata kwa umbali huo. Ujue pia kwamba wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo hugeuka na mahali hapo hapo patakuwa panapeleka moshi moja kwa moja kwenye madirisha ya nyumba. Miezi hiyo utawasha kwa nadra, usiku wa upepo mdogo tu, na madirisha yakiwa yamefungwa.

Kabla ya kuchimba, chunguza kilichoko chini na juu. Nyumba nyingi za Bamburi na Nyali hutegemea tangi la maji taka lililochimbwa uani, na tangi hilo hutoa gesi inayowaka. Usiweke moto karibu na mfuniko wake wala bomba lake la kupumulia. Angalia nyaya za stima zinazopita chini ya ardhi, nyaya za juu, matawi ya mnazi yanayoning'inia makavu, na mtungi wa gesi wa jikoni ikiwa umewekwa nje.

Sasa mawe yako. Ninakusihi usiyatumie kwenye meko. Jiwe la matumbawe ni chokaa ambayo haijachomwa, na mababu zetu walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi: walipanga matumbawe juu ya magogo, wakayachoma, kisha wakayamwagia maji na kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mji wa Kale. Mabadiliko hayo hutokea jiwe linapofikia joto la nyuzi 800 hadi 900, na makaa ya kuni ngumu yenye hewa ya kutosha hufika huko. Kwa hiyo ukizungushia moto mawe ya matumbawe utakuwa umejenga tanuri dogo la chokaa bila kukusudia. Uso wa ndani wa mawe utageuka, na mvua ya kwanza itakaponyesha utavimba, utatoa joto na kumomonyoka kuwa unga mweupe, unga ambao ukigusa jicho au ngozi yenye jasho ya mtoto huunguza. Hilo ni la taratibu. La ghafla ni kwamba matumbawe yana vitundu vingi vinavyohifadhi maji. Yakipashwa moto upesi, maji hugeuka mvuke usio na pa kutokea, na jiwe hupasuka na kurusha vipande. Saruji na bloki zake zina tatizo la namna hiyo pia, kwa hiyo usifikirie kuyapiga mawe lipu ya saruji kuwa ndiyo dawa.

Mawe hayo, hata hivyo, yana kazi nzuri zaidi. Yajengee baraza. Jenga baraza la nusu duara upande wa kaskazini-mashariki wa meko, mita mbili kutoka ukingoni, kimo chake sentimita 40, upana wake sentimita 45, ulipige lipu ya chokaa na kulainisha kingo zake. Mawe yale yale yaliyojenga Fort Jesus tangu mwaka 1593 yatawahimili wajukuu zako bila shida, mradi yawe mbali na makaa. Baraza la mawe halisogezwi, na hilo ni faida kubwa penye watoto, kwa sababu viti vya plastiki husogezwa kidogo kidogo kuelekea motoni pasipo mtu kutambua. Juu yake tandika mikeka au majamvi, na usiku wa joto utaona jinsi jiwe lililokuwa kivulini mchana linavyopendeza kukaliwa.

Kwa meko yenyewe tumia matofali ya udongo ya kuchoma, yaliyo mazima yasiyo na matundu. Chimba duara la upana wa mita moja na robo, kina cha sentimita 20, ujaze sentimita 15 za kokoto nyeusi za mawe magumu ili maji ya mvua yapite, kisha sentimita tano za mchanga wa mto. Usichukue mchanga wa ufuoni: una chumvi, una vipande vya matumbawe, na ufuo wetu unauhitaji kuliko wewe. Tofali la kawaida lina urefu wa sentimita 22 hivi. Ukipanga matofali 11 kwa urefu hadi pembe zake za ndani zigusane, utapata duara lenye uwazi wa takriban sentimita 75, na huo ndio ukubwa ninaoupendekeza. Safu ya chini kabisa iwe na matofali 10 badala ya 11, na nafasi ya lile lililoondolewa uigawe kuwa matundu manne ya sentimita tano hivi. Hapo ndipo moto utakapovutia hewa. Safu tano zitakupa kimo cha sentimita 37 na zitahitaji matofali 54. Nunua 65 kwa kuwa mengine hufika yamevunjika. Yaunganishe kwa udongo wa mfinyanzi, kipimo kimoja cha udongo kwa vipimo viwili vya mchanga wa mto, na usitumie saruji, ambayo hupasuka kwa joto ndani ya muda mfupi. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, yapange makavu bila kuyaunganisha, nayo yatasimama vizuri tu.

Wapo watakaokuambia ununue ringi ya lori au pipa la chuma lililokatwa. Ringi nene haina neno, ingawa hewa yetu ya chumvi huila kwa kutu na rangi yake ya kwanza lazima iunguzwe siku ambayo hakuna mtu karibu. Pipa lililowahi kubeba kemikali usiliguse, na mabati yaliyopakwa zinki nayo usiyatie motoni, kwa sababu moshi wa zinki humletea anayeuvuta homa na maumivu ya kifua.

Kuni ndizo zitakazoamua kama jioni yenu itakuwa ya raha au ya machozi. Moshi si kitu kingine ila kuni ambazo hazijamaliza kuungua, na chanzo chake kikuu ni maji yaliyomo ndani ya kuni: joto ambalo lingeunguza gesi za mti hutumika kwanza kuyachemsha maji hayo. Kuni zinazofaa zina unyevu wa chini ya asilimia 20. Hewa ya Mombasa, ingawa ni nyevu, huweza kuzikausha kufikia hapo kama zimechanjwa, zimeinuliwa kutoka ardhini, zimefunikwa juu na kuachwa wazi ubavuni, mbali na ukuta wa nyumba kwa sababu ya mchwa. Kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha zake, na zikigonganishwa hutoa mlio mkavu, si kishindo kizito. Vaa glavu unapozichukua, kwani nge na nyoka hupenda rundo la kuni.

Mti ninaouweka mbele ya yote ni mvinje. Wewe unaishi Bamburi, kwa hiyo huenda unauona kila siku bila kuufikiria: Rene Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza mwaka 1971 kurudisha uhai katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha hapo, miongoni mwa miti aliyoijaribu mvinje ndio uliostawi kwenye mwamba ule mtupu. Kuni zake ni nzito, huungua kwa joto kali na moshi mdogo, na huacha makaa yanayodumu. Mwarobaini uliokauka vizuri na mkwaju pia hufaa. Vifuu vya nazi huwaka kwa nguvu na ni vizuri kwa kuwashia na kwa kuchomea chakula. Makumbi yana moshi mwingi, na watu huyachoma kwa ajili ya mbu, nitalirudia hilo. Makuti makavu usiyatie kabisa baada ya moto kushika, kwa maana vipande vyake hupaa vikiwa bado vinawaka, na banda lako nimekwisha kulitaja.

Kuna kuni za kukataa bila majadiliano. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na utomvu wao huwasha ngozi. Moshi wa mwembe huwasumbua baadhi ya watu macho na kifua, na maganda ya korosho yana mafuta ambayo moshi wake huchoma hasa. Mnyaa wa uani una maziwa yenye sumu yanayoweza kumpofusha mtu kwa muda, na oleanda ya mapambo ni sumu kuanzia mzizi hadi moshi. Magogo yanayoletwa na bahari yana chumvi ambayo ikiungua hutoa gesi mbaya. Mji wetu una bandari, kwa hiyo mbao za paleti hupatikana kwa urahisi na watu huzichoma ovyo. Tazama muhuri uliochomwa ubavuni: herufi HT zina maana kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, na herufi MB zina maana kwamba zilifukizwa methili bromaidi, dawa ya sumu. Hata za HT mimi sizipendi kwa meko ya nyumbani, kwa kuwa hakuna anayejua ni mzigo gani uliomwagikia juu yake. Nguzo na mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa ya mchwa mara nyingi huwa na sumu ya aseniki, nayo hubaki kwenye majivu. Plaiwudi, mbao za rangi, plastiki na takataka za nyumbani hazina nafasi katika moto ambao watoto wanauvuta hewa yake. Mikoko nayo iache isimame. Najua ni kuni bora na bei yake huvutia, lakini mikoko ya Tudor na Mtwapa ndiyo inayolea samaki mnaotaka kumchoma, na jirani zetu wa Gazi, Kwale, wameonyesha kupitia mradi wa Mikoko Pamoja kwamba mkoko uliosimama unaweza kuiletea jamii fedha.

Kuhusu kuwasha: panga vipande vinene chini, vyembamba juu yake kwa mkingamo, na juu kabisa vijiti na vifuu vilivyovunjwa, kisha uwashe juu. Moto utashuka wenyewe, na gesi zinazotoka kwenye kuni za chini zitapita kwenye ndimi za juu na kuungua badala ya kugeuka moshi. Petroli haifai kamwe, kwa sababu mvuke wake huenea chini kabla ya kiberiti kuwashwa na kulipuka usoni mwa mwashaji. Mafuta ya taa yakimiminwa kwenye moto uliofifia huleta hatari hiyo hiyo. Ningekushauri mwashe baada ya Isha, karibu saa mbili, ili asiwepo mtu wa kuuacha moto peke yake akienda kusali, na upepo wa bahari kwa kawaida huwa umepungua kidogo.

Mama mkwe wako ninamfikiria kwa uzito. Chembe ndogo za moshi wa kuni hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na kwa mwenye pumu hakuna moshi ulio mzuri, hata ule wa ubani. Mpe nafasi ya mwisho ya baraza iliyo mbali zaidi upande wa upepo, au kiti kwenye veranda ya nyumba, dawa yake ya kuvuta ikiwa mkononi mwake na si chumbani. Ule usiku ambao hewa imesimama kabisa, ambao ni wa kawaida wakati wa maleleji pepo zinapobadilika, msichome kuni hata kama wageni wamekwisha kukaa. Washeni mkaa pembeni mapema, na ukishakuwa mwekundu wote mkauingize kwenye meko. Moshi wake wa kuonekana utakuwa umekwisha. Mkaa huo usiingizwe ndani wala chini ya paa lililofungwa ikiwa mvua itawakimbiza, kwa kuwa gesi yake ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu usingizini. Akianza kukohoa au kubanwa kifua, zimeni, na mwondoeni kwanza kabla ya kushughulikia moto. Kuhusu mbu, moshi mwingi wa kutosha kuwafukuza ni mwingi wa kutosha kumwumiza yeye, na hata hivyo hauwezi kuaminiwa kuzuia malaria. Dawa ya kupaka na mikono mirefu ni bora kuliko makumbi.

Nguo ndizo ninazozihofia zaidi kuliko moto wenyewe. Dera ni pana na jepesi, leso hufunguka, na buibui la kitambaa cha plastiki halichomi tu bali huyeyuka na kunata mwilini. Anayegeuza chakula afunge leso kibwebwe na akunje mikono. Nguo ikishika moto, mtu asikimbie: alale chini na agaragazwe hadi uzime. Penye kuungua pamwagiwe maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, pasipakwe dawa ya meno, mafuta, asali wala ute wa yai, kisha mgonjwa apelekwe hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake au liko usoni, mikononi au sehemu za siri. Mpira wa maji uwe umekwisha kuunganishwa, ndoo ya mchanga iwe karibu, na namba 999 au 112 ijulikane na kila mtu mzima. Chora mstari wa chokaa mita moja kutoka ukingoni, na watoto wafundishwe kwamba hauvukwi.

Baada ya hayo yote, raha. Chakula huchomwa juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto. Subirini dakika 40 au 50 kuni zigeuke makaa mekundu, myasogeze upande mmoja, na upande wa pili aachwe mzee mmoja alishe kipande kimoja kimoja kwa ajili ya mwanga. Anzeni na muhogo uliomenywa na mahindi mabichi, ambavyo havina haraka na huwapa watoto kazi ya kugeuza kwa koleo ndefu, kisha ndimu, chumvi na pilipili. Mishikaki ifuate makaa yakiwa na nguvu. Changu au tafi wa kupaka awe wa mwisho, joto likishatulia, kwa kuwa tui likipakwa juu ya moto mkali huungua kabla ya samaki kuiva. Viazi vitamu vifukiwe kwenye majivu ya moto pembeni tangu mwanzo na visahauliwe. Dele la kahawa chungu yenye tangawizi liwekwe ukingoni, litadumu na joto lake hadi mtakapoinuka, pamoja na kashata na tende. Watoto wa Minnesota watakuwa na hadithi zao za kambini. Wa kwenu wawafundishe kuitikia "Pakawa" kila mzee akisema "Paukwa", na kutegeana vitendawili. Sioni sababu ya spika ya muziki. Moto mdogo huwaruhusu watu kusemezana kwa sauti ya chini, na jirani mwenye mtoto mchanga atashukuru.

Kuuzima kunataka dakika 20, kwa hiyo anzeni kabla watu hawajasinzia. Acheni kulisha kuni nusu saa kabla, tawanyeni makaa, myanyunyizie maji kidogo kidogo huku mkikoroga, bila kuyamwaga kwa kishindo yakapasua matofali. Msifukie makaa kwa mchanga mkaenda kulala. Mchanga huyahifadhi na joto lake kwa saa nyingi na huyaficha, na miguu mitupu ya watoto asubuhi ndiyo inayoyagundua. Majivu yakae siku mbili kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Usiyamwage kwenye mimea yako, kwa sababu udongo wa juu ya matumbawe tayari una chokaa nyingi, na majivu huizidisha hadi majani yakawa ya njano. Wape wanaosugulia sufuria.

Jenga mapema mwezi wa Novemba, na uyafunike meko kwa bati mvua za vuli zinaponyesha. Udongo uachwe ukauke wiki mbili kivulini. Kisha, kabla wageni hawajafika, washa moto wa vijiti tu jioni ya kwanza, mkubwa kidogo jioni ya pili, na wa kawaida jioni ya tatu, ili unyevu utoke kwenye matofali polepole. Ufa mdogo kwenye udongo si tatizo. Ujaze kwa mchanganyiko ule ule. Tofali likipasuka katikati, libadilishe kabla ya kuwasha tena.